Leza na makovu ya kujidhuru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa mtu mwenye makovu ya kujikata au kujiunguza ambayo yamekwisha kufunga, na anataka yapungue kuonekana kwa leza, yaani mwanga mkali wa mashine unaoelekezwa kwenye ngozi. Kama jeraha bado ni bichi, au hamu ya kujidhuru bado inakujia kwa nguvu, anza na swali la "Nikiwa bado najidhuru" katika sehemu ya tatu, kisha urudi hapa juu.

## Mambo ya msingi

Je, leza inafuta kovu kabisa?

Hapana, na anayekuahidi hivyo mkimbie. Ngozi nzima ina nyuzi za kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) zilizopishana huku na huku kama ukili. Kovu ni kiraka kilichofumwa kwa haraka, nyuzi zake zimelala upande mmoja, na hakuna mwanga unaorudisha ufumaji wa mwanzo. Kinachopungua ni wekundu, unene, ugumu, mwasho, na ule mpaka mkali unaotenganisha kovu na ngozi ya pembeni.

Makovu ya kujidhuru yana jambo lake la pekee. Mara nyingi kila kovu peke yake ni jembamba na halina shida yoyote. Kinachowavuta watu macho ni mpangilio: mistari mingi, sambamba, upande mmoja wa mkono au paja. Mtu akiitazama anaisoma. Kwa hiyo lengo la maana la matibabu ni kuivuruga mistari hiyo isisomeke, hata kama ngozi haitarudi kama ya mtoto. Mkono ukionekana kama uliwahi kukwaruzwa au kuungua kidogo, kazi imefanikiwa. Ndiyo maana daktari mzoefu hapigi leza kwenye mistari tu, bali hupitisha pia kwenye ngozi nzima iliyo katikati, ili eneo lote lilingane.

Leza inafanya nini hasa ndani ya ngozi?

Inategemea mwanga wake unanyonywa na nini. Kanuni hii ilielezwa mwaka 1983: ukichagua urefu sahihi wa wimbi na muda sahihi wa mpigo, utachoma kitu kimoja na kuacha jirani zake. Leza ya rangi yenye nanomita 585 hadi 595 (nanomita ni kipimo kidogo sana cha urefu wa wimbi la mwanga) hunyonywa na hemoglobini, yaani rangi nyekundu ya damu, hivyo hufunga mishipa midogo ya damu inayolisha kovu jekundu; ndiyo tunayoiita hapa chini leza ya mishipa. Leza ya CO2 (nanomita 10,600) na ya erbiamu (2,940) hunyonywa na maji, hivyo huyeyusha ngozi yenyewe kwa kuigeuza mvuke.

Mwaka 2004 ukaja mtindo wa kutoboa kwa vipande. Badala ya kuchubua eneo zima, mashine hutoboa maelfu ya vishimo vyembamba kuliko milimita moja, na kuacha ngozi nzima kati ya kishimo na kishimo. Ngozi hiyo iliyoachwa ndiyo inayoziba vishimo, na wakati wa kuziba mwili unaweka kolajeni mpya iliyopangwa vizuri zaidi. Kazi kubwa ya makovu siku hizi hufanywa kwa mtindo huu, tunaouita hapa leza ya vishimo.

Vikao vingapi, na nitaona mabadiliko lini?

Kwa kawaida 3 hadi 6. Leza ya mishipa ya damu hurudiwa kila wiki 4 hadi 8. Leza ya vishimo isiyochubua (hupasha joto ndani bila kuondoa ngozi ya juu) hurudiwa kila baada ya wiki 4 hivi, na ile inayochubua hurudiwa kila miezi 2 hadi 3.

Kolajeni huendelea kujipanga kwa miezi 3 hadi 6 baada ya kila kikao. Anayehukumu matokeo wiki ya tatu anahukumu uvimbe, kwa sababu uvimbe hujaza mabonde na kufanya kovu lionekane limesawazika, kisha ukishuka mtu anadhani matibabu yameharibika. Subiri.

Nipigeje picha za kulinganisha?

Tumia dirisha lilelile, saa ileile, mwanga ukitokea ubavuni, bila flashi. Mwanga wa mbele huficha miinuko na mabonde, ilhali wa ubavuni huyaonyesha. Weka rula pembeni na simu umbali uleule. Piga kabla ya kila kikao, usipige kila siku. Kujikagua kila asubuhi hakukuonyeshi chochote kipya na kunachosha roho.

## Kovu lako ni la aina gani

Kwa nini daktari anauliza sana kuhusu aina ya kovu?

Kwa sababu hakuna leza moja ya makovu yote. Mkono mmoja unaweza kuwa na aina tatu kwa pamoja, na kliniki yenye mashine moja tu itataka kutumia hiyohiyo kwa zote.

Yangu ni mekundu au ya waridi, na yanawasha.

Bado yana damu nyingi, na aghalabu hayajafikisha mwaka na nusu. Kovu huendelea kukomaa lenyewe kwa miezi 12 hadi 18. Zamani watu waliambiwa wasubiri hadi mwisho wa kipindi hicho; siku hizi madaktari wengi huanza mapema na leza ya mishipa ya damu, maana kovu changa hupokea vizuri na huenda likazuiwa lisivimbe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau au kahawia iliyokoza, hivyo usiseme "mimi sina wekundu" kabla hujalibonyeza kwa kidole na kuona kama rangi inapotea na kurudi.

Yameinuka na ni magumu, lakini hayajatoka nje ya mstari wa jeraha.

Haya ni makovu yaliyovimba. Matibabu huwa mchanganyiko: leza ya mishipa kwa wekundu, leza ya vishimo kulainisha, na dawa ya triamcinolone (steroidi ya kupunguza uvimbe) ama kwa sindano, ama kwa kuipaka mara tu baada ya leza ili ipenye kupitia vishimo. Silikoni nayo husaidia, tazama sehemu ya mwisho.

Limetambaa hadi nje ya jeraha na linazidi kukua.

Hilo ni keloidi, na ni habari nyingine kabisa. Kulichubua kwa leza peke yake kunaweza kulichokoza likarudi kubwa kuliko mwanzo. Matibabu huanza na sindano za triamcinolone, kwa kawaida miligramu 10 hadi 40 kwa mililita, kila wiki 4 hadi 6. Leza huja kama msaidizi. Ukiwa na keloidi popote mwilini, hata ya kutoboa sikio, itaje kabla mtu hajawasha mashine.

Yangu ni meupe na bapa. Haya je?

Haya ndiyo magumu zaidi, na ndiyo watu wengi wanayo miaka kadhaa baadaye. Weupe una sababu mbili: seli zinazotengeneza rangi zimepungua au zimelala, na kolajeni iliyolala upande mmoja inarudisha mwanga tofauti na ngozi ya pembeni. Leza ya vishimo hurekebisha hilo la pili na kulegeza kingo za mstari. Rangi hurudi kidogo kwa baadhi ya watu, kwa wengine hairudi.

Kuna mwanga wa nanomita 308 unaochochea rangi. Hufanya kazi kwa kiasi, lakini rangi hufifia tena usipoendelea na vikao vya kuitunza, na ngozi ya pembeni ikipigwa nayo inakuwa nyeusi zaidi, yaani unarudi palepale. Jambo rahisi ambalo wengi hawalijui: kadiri ngozi inavyopigwa jua ndivyo mstari mweupe unavyojitokeza. Losheni ya kukinga jua hupunguza tofauti hiyo hata kabla ya leza.

Yamebonyea, na mengine yana alama za nyuzi za kushonea, kama ngazi.

Leza ya vishimo ya CO2 au erbiamu ndiyo chaguo la kwanza. Kovu pana na lenye ngazi huenda likafaa zaidi kukatwa na kushonwa upya kwa uangalifu na daktari wa upasuaji, kisha leza ije kulainisha mshono mpya. Kovu moja au mawili hivyo, sawa. Arobaini, haiwezekani.

Yamekuwa meusi kuliko ngozi yangu.

Mara nyingi weusi huu ni rangi iliyobaki baada ya kuvimba, na hufifia wenyewe kwa miezi mingi. Hatua ya kwanza ni losheni ya jua na krimu aliyoandika daktari, si leza. Usitumie krimu za kujichubua zisizo na maelezo ya dawa zilizomo: zenye steroidi kali huifanya ngozi iwe nyembamba, zenye zebaki hudhuru figo.

Ngozi yangu ni nyeusi. Leza ni salama kwangu?

Inaweza kuwa salama, ikiwa mikononi mwa anayeijua. Hatari kuu ni kuachiwa weusi mpya baada ya kikao, na mara chache zaidi madoa meupe yasiyorudi. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hunyonya mwanga wa leza ya mishipa, kwa hiyo joto lililokusudiwa kwenye damu linaishia juu ya ngozi. Leza za CO2 na erbiamu hazijali melanini, lakini joto lao huleta uvimbe, na uvimbe huamsha rangi.

Kinga yake inajulikana: vishimo vichache zaidi kwa kila sentimita ya mraba, nafasi ndefu zaidi kati ya vikao, kupoza ngozi, na pale inapofaa kutumia leza isiyochubua (nanomita 1,540 au 1,550) au ile ya 1,064 kwa mishipa. Zaidi ya yote, doa la majaribio: sehemu ndogo, ya ukubwa wa sarafu, mahali pasipoonekana sana. Doa hilo lisomwe baada ya wiki 4 hadi 8. Kulisoma kesho yake ni bure, maana weusi huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Kliniki inayokataa doa la majaribio kwa kuwa "mashine yetu ni ya kisasa" haijaelewa swali.

## Kabla ya kuanza

Lazima niseme makovu yametokana na nini?

Hakuna wa kukulazimisha, lakini daktari wa ngozi karibu hakika ameshatambua, na ukweli unamsaidia kupanga. Ukisema ni waya au paka, atapanga kana kwamba hakuna uwezekano wa majeraha mapya, na hatakuuliza maswali yanayokulinda. Sentensi moja inatosha: "Nilikuwa najidhuru, niliacha tangu mwezi fulani, sitaki kuzungumza zaidi leo." Mtaalamu mwenye adabu ataishia hapo na kuhamia kwenye ngozi. Akikuhubiria au kukucheka, una haki ya kuinuka na kutafuta mwingine.

Nikiwa bado najidhuru, naweza kuanza?

Leza itasubiri. Wataalamu wengi huomba kipindi kisicho na jeraha jipya, mara nyingi miezi 6 hadi mwaka 1, na wengine zaidi. Si adhabu. Jeraha jipya kwenye ngozi yenye vishimo huingia vijidudu kwa urahisi na kuacha kovu baya zaidi, na mwaka mzima wa kazi unapotea.

Msaada wa nafsi hausubiri. Zungumza na daktari, mshauri nasaha, au mtu mmoja unayemwamini. Kama unafikiria kufa, usibaki peke yako: mwambie aliye karibu leo hii, piga simu ya dharura ya eneo lako au nenda hospitali. Jeraha linalotoka damu baada ya kukandamizwa dakika 10 bila kuachia, lililoachama, au lililofanya vidole vife ganzi, ni la chumba cha dharura, na anayelihudumia anapaswa kukushughulikia kwa heshima kama mgonjwa mwingine yeyote.

Nikirudia katikati ya matibabu?

Sema. Vikao vitasimama hadi ngozi ipone, kisha vitaendelea. Kurudia hakufuti kazi iliyokwisha kufanyika, wala hakukuondoi kwenye orodha. Kinachoharibu ni kuficha jeraha chini ya mkono wa shati hadi siku ya miadi.

Dawa ninazotumia zina shida?

Peleka orodha kamili, pamoja na za mitishamba. Doxycycline na chlorpromazine, kwa mfano, huifanya ngozi iungue na mwanga kwa urahisi. Kwa isotretinoin ya chunusi, desturi ya zamani ilikuwa kusubiri miezi 6 hadi 12; maoni yamelegea kwa leza nyingi za vishimo, ila kuchubua ngozi nzima bado huahirishwa. Dawa za kuzuia damu kuganda huongeza michubuko.

Usiache dawa ya msongo wa mawazo, ya kuzuia kifafa au ya akili kwa ajili ya leza bila aliyekuandikia kujua. Makovu yanaweza kungoja mwezi. Kukatisha dawa hizo ghafla kunaweza kukurudisha ulikotoka.

Nijiandae vipi?

Wiki 4 kabla: jua lisipige eneo hilo, na losheni ya kukinga jua ya SPF 30 (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) au zaidi kila siku. Wiki 1 kabla: acha krimu za retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A) na za kuchubua. Usiliondoe vinyweleo kwa nta. Kunyoa siku ya miadi kunatosha, maana vinyweleo huungua na kuchoma ngozi. Kama wembe nyumbani ni jambo unaloliepuka, omba wakunyoe kliniki kwa mashine. Ni ombi la kawaida. Uje na shati pana lenye mikono mirefu ya pamba.

Nimuulize nini mtaalamu kabla ya kulipa?

Ni leza ya aina gani na urefu gani wa wimbi. Amewahi kutibu mikono na mapaja ya watu wenye rangi kama yangu, si nyuso tu. Ana picha za miezi 6 baadaye, si za siku ya kumi. Nani atanipokea usiku nikipata malengelenge. Lipa kikao kwa kikao. Vifurushi vya vikao 10 vinavyouzwa kabla ya doa la majaribio vinamfaa muuzaji.

## Siku ya matibabu

Inauma kiasi gani?

Leza ya mishipa ni kama kupigwa na mpira wa manati, mara nyingi, kwa haraka, na mara nyingi haihitaji ganzi. Leza ya vishimo inayochubua ni joto kali lenye kuchomachoma, na baada yake eneo hubaki likiwaka kama limechomwa na jua kwa saa 1 hadi 3. Kikao chenyewe huchukua dakika 15 hadi 40 kwa mkono mmoja. Sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono ndiyo inayouma zaidi.

Krimu ya ganzi inatumikaje, na kwa nini wanakataa nijipake nyingi?

Inayotumika sana ina lidocaine asilimia 2.5 na prilocaine asilimia 2.5. Hupakwa tabaka nene, hufunikwa na plastiki, na huachwa angalau saa 1. Kisha hufutwa yote.

Hapa ndipo watu huumia kweli. Dawa hii huingia kwenye damu, na kadiri eneo linavyokuwa kubwa ndivyo inavyoingia. Kipimo cha kawaida ni gramu 1 hadi 2 kwa kila sentimita 10 za mraba. Upande wa ndani wa mkono mmoja, tuseme sentimita 20 kwa 10, tayari unakula gramu 20 hadi 40, na kikomo cha mtu mzima huwekwa kwenye gramu 60. Mikono miwili na mapaja kwa siku moja ni kuvuka mpaka. Ndiyo sababu maeneo makubwa hugawanywa. Masikio kuvuma, midomo kufa ganzi, kizunguzungu, kutetemeka, au midomo na kucha kugeuka kijivu ni dharura: futa krimu na uite msaada papo hapo.

Mwambie pia mtaalamu kama kutosikia maumivu, au kuyasikia, kunakukumbusha siku zile. Kuna wanaopendelea ganzi kamili kwa sababu hiyo, na kuna wanaotaka mapumziko kila dakika chache. Vyote viwili hupangwa.

Nini kingine kitatokea chumbani?

Utavaa miwani maalumu ya urefu ule wa wimbi, na kila aliyemo chumbani atavaa. Utasikia harufu ya nywele zilizoungua, na bomba la kufyonza moshi litakuwa karibu na ngozi.

## Baada ya kikao

Nitunzeje ngozi?

Kwa leza ya mishipa, michubuko ya zambarau hukaa siku 7 hadi 14. Ipoze kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, usiisugue, basi.

Kwa leza ya vishimo inayochubua, siku ya kwanza hutoka majimaji na vitone vya damu. Osha kwa maji na sabuni laini kwa kiganja, bila dodoki, mara mbili kwa siku. Kausha kwa kugusagusa. Paka vaselini nyembamba mara 3 au 4 ili isikauke kamwe, kwa sababu ngozi iliyokauka hufanya vigaga, na kigaga kikibanduliwa huacha alama. Endelea hadi ngozi ifunge. Usoni hilo huchukua wiki moja hivi. Mkono na mguu huchukua siku 7 hadi 14 au zaidi, maana zina vinyweleo na vitezi vichache vya kuzalisha ngozi mpya. Mguu ndio mvivu kuliko vyote.

Hadi hapo hakuna kuogelea, hakuna mazoezi ya kutokwa jasho jingi, hakuna manukato. Ngozi ikishafunga, losheni ya kukinga jua kila siku kwa miezi 2 hadi 3. Kwa ngozi nyeusi, yenye rangi ya kahawia (ina oksidi ya chuma) ni bora kuliko nyeupe, kwa kuwa huzuia pia mwanga unaoonekana, ambao nao huleta weusi.

Vitone vya damu na mwasho vinaniamshia hamu ya zamani. Ni mimi peke yangu?

La. Hutokea, na wataalamu wengi husahau kuonya. Kwa siku chache mkono unaonekana tena kama umejeruhiwa, unawasha, una vigaga vya kubandua, na umefungwa bendeji kama zamani.

Jipange kabla ya kikao. Chagua wiki isiyo na mitihani, msiba au ugomvi. Omba bendeji isiyoonyesha ndani kwa siku 2 za mwanzo. Mwombe mtu mwingine akuoshe na kukupaka, kama kutazama kunakusumbua. Mwasho upozwe kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa au dawa ya mzio aliyoruhusu daktari. Mjulishe mshauri wako tarehe ya kikao, na muweke miadi ndani ya wiki hiyo. Kama bado unahofia, anza na leza isiyochubua: hakuna damu, ni wekundu na ngozi kuwa kama msasa kwa siku 3 hadi 7. Vikao vitakuwa vingi zaidi, lakini utavimaliza.

Nitajuaje kuna tatizo?

Maumivu ya kawaida hupungua kila siku. Yakiongezeka baada ya siku ya tatu, kukiwa na usaha, harufu, homa, au joto linalosambaa nje ya eneo, nenda siku hiyohiyo. Malengelenge makubwa yaliyotokea saa chache baada ya leza yana maana nguvu ilizidi: usiyatoboe, piga picha, piga simu kliniki.

Mistari au miraba inayofuata umbo la kichwa cha mashine, ikiwa myeusi baada ya wiki 3, ni rangi ya baada ya kuvimba. Inatisha kuitazama, ila kwa kawaida hufifia kwa miezi kadhaa ukishikilia losheni ya jua na krimu ya daktari. Usikubali kikao kingine juu yake ili "kuisawazisha". Sehemu inayokuwa ngumu na kuinuka baada ya wiki 4 hadi 8 ni kovu jipya linaloanza; hiyo iwahiwe, maana sindano na leza ya mishipa hufanya kazi vizuri zaidi mapema.

## Hali za pekee

Nina tatuu juu ya makovu. Sema mapema. Wino unaweza kunyonya mwanga na kuungua, na leza ya vishimo hufifisha mchoro kwa madoadoa. Anayetaka vyote viwili aanze na leza, asubiri kovu litulie kwa miezi 6 au zaidi, kisha achore.

Kuna uvimbe mgumu ndani ya kovu. Huenda kuna kipande kilichobaki ndani, au uzi wa kushonea. Upimwe na uondolewe kwanza. Leza haiwezi kuutoa.

Sehemu ya kovu haina hisia. Leza ya vishimo hulainisha kovu gumu na wengine husema mvutano umepungua, lakini mshipa wa fahamu uliokatika ni kazi ya daktari wa upasuaji. Na mahali pasipo hisia panaweza kuungua bila wewe kujua, kwa hiyo paonyeshe kabla ya kuanza.

Mimi ni mjamzito. Kwa kawaida huahirishwa. Hakuna haraka.

Nina barasi (mabaka meupe ya ngozi iliyopoteza rangi) au psoriasi (mabaka yenye magamba). Ngozi hizi zinaweza kuzuka ugonjwa mahali palipojeruhiwa, na leza ni jeraha. Daktari wa ngozi aamue, na doa la majaribio si la hiari hapa.

Makovu yangu ni ya kuungua, ya mviringo. Leza ya vishimo hufaa. Mviringo hausomeki kama mistari, hivyo kulainisha kingo zake peke yake kunaweza kutosha.

Mtoto wangu ana miaka 15 na ninataka ayaondoe. Swali la kwanza ni je, yeye anataka? Kumpeleka kwa nguvu kunamwambia kwamba shida ni makovu kuonekana na wageni. Aonane kwanza na mtaalamu wa afya ya akili wa vijana. Akiwa ametulia na ameomba mwenyewe, apewe nafasi ya kuongea na daktari wa ngozi bila mzazi chumbani.

Yamepungua, na sasa najihisi nimepoteza kitu. Huwapata watu. Makovu yamekaa na wewe miaka. Unaweza kusimamisha vikao wakati wowote, au kuacha sehemu isiguswe. Wapo pia wanaokuja kuuliza kuhusu leza, wakasikiliza yote, wakaondoka na makovu yao kwa hiari yao.

## Kabla, badala, au pamoja na leza

Silikoni inasaidia? Kwa makovu yaliyoinuka au yaliyo changa, ndiyo. Karatasi ya silikoni huvaliwa saa 12 hadi 24 kwa siku, kwa miezi 2 hadi 6, na huoshwa kila siku ili isilete upele. Kwenye kovu bapa, jeupe, la miaka mitano, ni kupoteza pesa.

Sindano ndogondogo? Hutoboa bila joto, kwa hiyo hatari ya weusi ni ndogo kwenye ngozi nyeusi. Nguvu yake kwa makovu magumu ni ndogo pia. Zifanywe kliniki. Vifaa vya kujitoboa nyumbani havimfai mtu mwenye historia hii.

Kuna upasuaji wa eneo zima? Upo, kwa mistari mingi sana iliyobanana. Tabaka jembamba la ngozi huvunwa, mara nyingine kutoka eneo hilohilo, na kurudishwa likiwa limegeuzwa digrii 90 ili mistari ikatane badala ya kuwa sambamba. Unabaki na kovu pana linaloonekana kama la kuungua. Ni uamuzi mzito na haurudishwi nyuma.

Nina harusi wiki ijayo. Achana na leza. Tumia krimu nzito ya kufunika makovu: paka tabaka jembamba la rangi iliyoelemea machungwa kama makovu ni ya zambarau, kisha rangi ya ngozi yako juu yake, au rangi ya ngozi yako moja kwa moja kama ni meupe, kwa kugusagusa na si kusugua. Nyunyiza poda, ngoja dakika 5 hadi 10, pangusa ya ziada. Ijaribu siku mbili kabla, chini ya mwanga wa nje, ukiwa umevaa nguo utakayovaa, maana hapo ndipo utaona kama inachafua kitambaa.